Muulize Mama Mbung'o: Kitambulisho cha nyuki kimo tumboni

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi nafuga nyuki huku Yumbe, nina mizinga 14, kumi ya vijiti vya juu na minne ya fremu. Mwezi uliopita kundi moja lilidhoofika, nikaona kuliko life bure afadhali niliunganishe na la jirani yake lenye nguvu. Jioni nikapuliza moshi, nikawakung'utia ndani, nikafunika. Asubuhi nikakuta nyuki wafu wametapakaa mlangoni kama maharage yaliyomwagika. Lakini mwaka jana nilihamisha sega la majana waliokuwa karibu kutoka, wakazaliwa katika kundi geni na hakuna aliyewagusa. Jirani yangu anasema kila malkia ana harufu yake, basi. Na hawa malkia wawili ni wa uzao mmoja, makundi niliyagawa mwenyewe! Sasa kuna kijana anapita na bodaboda akiuza unga wa njano. Anasema nikiuchanganya na maji ya sukari nyuki wote watanuka sawa na vita vitakwisha. Pakiti imeandikwa oksitetrasaiklini, dawa ya ng'ombe. Niununue? (Mfuga nyuki, Yumbe)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa nyuki wako. Unga huo usinunue. Sababu nitaitoa mbele kidogo, maana ina kisa chake, na kisa chenyewe kilinila miezi mitatu ya kazi.

Kwanza nenda kakae ubavuni mwa mzinga, si mbele yake, mnamo saa nne asubuhi nyuki wakiwa wamechangamka. Mimi nina mzinga mmoja tu chini ya mwembe hapa Tororo, na tangu nistaafu huo ndio televisheni yangu. Utamtambua nyuki mlinzi kwa anavyosimama: miguu ya mbele imeinuka, vipapasio vimeelekezwa mbele. Mwenzake anapotua na chavua miguuni, mlinzi humsogelea na kumgusagusa kwa vipapasio, kifuani, tumboni, sekunde moja au mbili tu. Akiridhika humwacha apite. Asiporidhika humdandia, akamng'ata bawa, akaanza kumburuta, na hapo wa pili na wa tatu wanakuja kushika miguu. Mgeni mwenye akili hujikunja na kutulia. Anayepambana huchomwa.

Pale mlinzi hasomi sura. Anasoma mafuta. Mwili wa nyuki umepakwa nta nyembamba inayouzuia kukauka, na nta hiyo ina mchanganyiko wa mafuta mengi ambayo wataalamu huyaita hidrokaboni. Kila kundi lina vipimo vyake. Ni kama pilau ya nyumba hii na ya nyumba ile: viungo ni vilevile, mkono ndio tofauti. Na nyuki ana pua ya kutambua tofauti hiyo, kwani vipapasio vyake vina aina zipatazo 170 za vipokezi vya harufu. Yule inzi mdogo anayezunguka ndizi mbivu ana kama 60.

Basi hivyo vipimo vinatoka wapi? Jirani yako hakukosea kabisa, malkia ana harufu yake na inatawala mengi humo ndani. Ila ingekuwa ni uzao peke yake, makundi yako mawili yangepokeana. Mwaka 2020 Cassidy Vernier na Yehuda Ben-Shahar wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha jibu ambalo kwangu lilikuwa kama mtu amewasha taa. Walichukua nyuki wachanga wa kundi moja, wakawakuza mbalimbali na kuwapa bakteria tofauti wa tumboni. Walipokomaa, nta zao hazikufanana, na walipokutanishwa walitendeana kama wageni. Ndugu kabisa hao, mama mmoja, lakini kwa kuwa wageni wanaoishi tumboni hawakuwa wamoja, hawakujuana.

Sasa rudi kwenye majana wako wa mwaka jana. Nyuki anapotoboa kizibo cha nta na kutoka, tumbo lake karibu ni tupu, bakteria ni wachache mno. Nta yake haijapata lafudhi ya kundi lolote, kwa hiyo mlinzi akimgusa hasomi kitu cha kumkasirisha. Katika siku nne tano hivi za mwanzo analambana na wenzake, anapewa chakula mdomo kwa mdomo, anatembea juu ya masega waliyoyachafua wakubwa, na bakteria wanaingia mpaka wanafikia kama bilioni moja ndani ya kiumbe kisichozidi punje ya maharage. Bakteria wenyewe si wa kuokotwa popote. Ni jamii chache tu, zilezile kwa nyuki wa Yumbe na wa Ulaya, ila kila kundi lina mbegu zake ndani ya jamii hizo. Harufu ya utu uzima hukamilika baadaye, nyuki anapokaribia umri wa kwenda porini kutafuta chakula, kama wiki tatu. Wale uliowakung'uta jioni ile walikuwa watu wazima wenye vitambulisho vyao tayari. Uliwapeleka mpakani na pasipoti ya nchi nyingine.

Wengine mtauliza, bakteria wa tumboni anafikaje kwenye ngozi? Hafiki. Anachofanya ni kubadilisha jikoni. Mwaka 2017 watafiti wa Austin, Texas, Nancy Moran akiwamo, walionyesha kwamba bakteria hawa huchachua chavua na kuacha asidi ndogondogo zinazomlisha nyuki. Hupunguza hewa ya oksijeni tumboni, humwongezea nyuki uzito, na kumfanya awe mwepesi wa kuitikia ladha ya sukari. Hidrokaboni za kwenye nta nazo hutengenezwa na mwili kutokana na asidi za mafuta. Ukibadili kinachoingia jikoni, mchuzi nao unabadilika.

Si harufu ya kutoa tu, hata ya kupokea. Kuna mtihani wa zamani wa nyuki ambao naupenda kwa sababu hauhitaji mashine. Unamfunga nyuki ndani ya kibomba kidogo, kichwa tu kimebaki nje. Unampulizia harufu fulani, halafu unamgusisha sukari. Baada ya mara chache, harufu ikija peke yake yeye hutoa ulimi akiisubiri sukari, kama mtoto aliyesikia sufuria ikifunuliwa. Watafiti wa Beijing waliwafanyia mtihani huo nyuki waliokuzwa bila bakteria, wakaona ni wazito wa kujifunza. Waliopewa bakteria wa jamii ya Lactobacillus, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa yako ya mala, walishika somo vizuri zaidi. Hiyo ilitoka 2022.

Usidhani lakini kila kitu katika elimu hii kimenyooka. Mwaka 2010 watu wa Tel Aviv walilisha inzi wa matunda vyakula viwili, wengine molasi, wengine wanga. Baada ya kizazi kimoja tu kila upande ukawa unapendelea kuoana na wa kwao, na hali ikaendelea mpaka kizazi cha 37. Wakiwapa antibiotiki, ubaguzi unaisha. Wakirudisha bakteria mmoja, unarudi. Habari tamu, nami niliisimulia kila mahali. Halafu mwaka 2017 watafiti wa Uingereza wakajaribu jambo hilohilo kwa uangalifu mkubwa na hawakuliona. Kwa hiyo ya inzi nimeiweka rafu ya juu kwanza. Ya nyuki bado iko mezani.

Sasa unga wa njano. Kwa nini wananiita Mama Mbung'o? Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ilikuwa kulisha mbung'o katika kituo kimoja huku mashariki, kwa ajili ya utafiti wa malale. Mbung'o hawali sukari, wanakula damu tu. Tulikuwa tunaletewa damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, tunaikoroga isigande, tunaimimina kwenye sahani iliyopashwa moto wa mwili, juu yake utando wa silikoni kama ngozi ya bandia, na vizimba vya inzi tunavilaza hapo. Baada ya dakika chache matumbo yao yanakuwa mekundu kama zabibu. Mbung'o jike hatagi mayai, huzaa buu mmoja mkubwa kila baada ya siku tisa au kumi. Kila asubuhi nilikuwa naokota mabuu yaliyogeuka pupa chini ya vizimba, vitu vyeusi kama mbegu za papai, nahesabu, naandika.

Mwaka mmoja nikaokota, nikaokota, mwishowe sikupata cha kuokota. Inzi wanakula, wanaruka, wanaonekana wazima. Hawazai. Mkuu wangu akasema nimeacha chumba kipoe. Nikalala na kipimajoto, karibu kiwe mtoto wangu. Siku moja yule mtu wa kutuletea damu akapitisha neno tu katika mazungumzo, kwamba mwenye ng'ombe alikuwa akiwachoma tetrasaiklini, antibiotiki ya jamii moja na unga wako wa njano, siku chache kabla ya kuwauza. Hapo nikakaa chini. Mbung'o ana bakteria wake mmoja katika kiungo maalumu cha utumbo, aliyepewa jina Wigglesworthia kwa heshima ya Mwingereza Vincent Wigglesworth. Huyo ndiye anayemtengenezea vitamini B ambazo damu haina za kutosha, na mama humpitisha kwa mtoto kupitia maziwa anayomnyonyesha tumboni. Mnyweshe mbung'o antibiotiki, bakteria anakufa, na jike anakuwa tasa akiwa hai. Miezi mitatu tukaanza upya.

Na nyuki? Wale watu wa Austin waliwapa nyuki tetrasaiklini, wakawatia alama na kuwarudisha mzingani. Baada ya siku tatu, kati ya wasiopewa dawa walikuwepo bado kama theluthi mbili. Kati ya waliopewa, theluthi moja. Tumbo lililobaki tupu lilikuwa limefungulia mlango vijidudu wabaya. Kwa hiyo kijana wa bodaboda hasemi uongo mtupu, dawa yake itavuruga harufu za makundi yote mawili. Vita vitaisha kwa kuwa askari watakuwa wamekufa. Tena dawa inabaki kwenye asali, na mnunuzi anayepima ataikataa shehena yako yote.

Ukitaka kuunganisha tena fanya hivi. Hakikisha kundi dhaifu halina ugonjwa. Mwondoe malkia wake siku moja kabla. Kwa mizinga ya fremu, weka karatasi moja ya gazeti la jana juu ya kundi lenye nguvu, toboa matundu machache kwa msumari, halafu pandisha sanduku la wale wanyonge juu yake. Jioni, si mchana. Watatafuna karatasi kutoka pande zote mbili kwa siku kadhaa, na wanapokutana kwenye matundu wanakutana mmojammoja, wanalambana, wanagawiana chakula, harufu zinachanganyika polepole. Usifungue kuchungulia kabla ya wiki. Najua utatamani. Kwa mizinga ya vijiti, gazeti lisimamishe katikati kama pazia, likibana kila upande, kundi hili huku na lile kule. Na kama umechelewa na kundi limebaki viganja viwili tu, chukua majana yaliyozibwa uyahamishe kama mwaka jana. Ulikuwa umeshapata jibu mwenyewe.

SWALI: Mama, mende wananitoa roho. Naishi Kisenyi, chumba kimoja. Nawapulizia dawa, wanakufa, wiki mbili baadaye wako palepale nyuma ya friji, si pengine. Kwani wanaachiana ramani? (Dada wa Kampala)

JIBU: Wanaachiana, dada, na ramani yenyewe ni mavi, samahani kwa wanaosoma wakila. Kama ni wale wadogo wa kahawia wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, basi habari zao zilichunguzwa vizuri katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina mwaka 2015. Kinyesi chao hutoa asidi zenye harufu zinazowaambia wenzao "hapa ndipo pa kulala". Watafiti wakakuza mende wasio na bakteria tumboni. Kinyesi cha hao hakikuwavuta wadogo kama cha kawaida. Sehemu kubwa ya mwaliko, kumbe, inaandikwa na bakteria.

Kwa hiyo vuta friji. Utaona vidoadoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa kwenye ukuta, kwenye kona za mpira wa mlango na karibu na injini ambako kuna joto. Osha kwa maji moto na sabuni, kwa brashi, mpaka vitoke. Kisha weka chambo cha jeli, vitone vidogo, na usipulizie dawa hapohapo kwa sababu watakikimbia chambo. Watoto wa mende hula kinyesi cha wakubwa, kwa hiyo aliyekula jeli huwafikishia wengine sumu. Zungumza na majirani pia. Ukuta wa chumba kimoja ni wenu wote.

SWALI: Mtego wangu wa inzi wa maembe unajaa, na maembe yanaoza vilevile. Inakuwaje? (Mkulima, Luweero)

JIBU: Fungua uhesabu, mzee wangu: karibu wote ni madume. Dawa ya mtego huo, methili yujenoli, huvuta madume wa inzi yule wa Asia aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kwetu 2004. Anayetoboa embe ni jike. Jike huvutwa na dume mwenyewe, na watafiti wa China walionyesha mwaka 2021 kwamba harufu hiyo ya dume inatengenezwa na bakteria walioko mwishoni mwa utumbo wake, ambao hiyo ndiyo kazi yao. Ongeza chambo cha protini, cha hamira, ambacho jike anakihitaji ili atage. Na maembe yaliyoanguka usiyaache chini. Yatie kwenye kavera nyeusi, ufunge, uyaache juani siku kadhaa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa S4, kwetu ni Karamoja. Nzige walipokuja Februari 2020 nilikuwa mdogo, nakumbuka askari wakipuliza dawa na anga imekuwa ya rangi ya udongo. Mwalimu alituambia nzige hao kwa kawaida huishi mmojammoja na hukimbiana. Walijuaje kukusanyika? (Msomaji, Moroto)

JIBU: Mwalimu wako yuko sawa, mjukuu wangu. Nzige wa jangwani ana tabia mbili katika mwili mmoja. Mvua ikinyesha jangwani majani yanaota, wanazaliana. Jangwa likikauka wanabanana kwenye majani machache yaliyobaki, na huo msongamano ndio unaowageuza. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza na Australia walionyesha kwamba hata kumsuguasugua nzige mpweke miguu ya nyuma kwa saa chache kunatosha: kemikali ya serotonini hupanda katika mfumo wake wa fahamu, naye anaanza kuwafuata wenzake.

Kugusana kunaanzisha. Harufu inasaidia kuwashikilia pamoja. Mwaka 2000 Rod Dillon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichunguza kinyesi cha nzige hawa, wakakuta gwayakoli, moja ya harufu zinazowakusanya. Wakakuza nzige bila bakteria yoyote: kinyesi chao hakikuwa nayo. Wakawapa bakteria wa tumboni, mmoja wao anaitwa Pantoea agglomerans, gwayakoli ikarudi. Bakteria huyo huingia na majani, na huitengeneza kutokana na mabaki ya mimea ambayo nzige mwenyewe ameshindwa kuyameng'enya. Nzige akachukua taka ya mpangaji wake akaifanya tarumbeta. Si tarumbeta pekee, kuna harufu nyingine pia, lakini hiyo ndiyo iliyonifurahisha zaidi.

Ukitaka kujua gwayakoli inanukaje huhitaji maabara. Nenda sokoni unuse samaki wa kubanikwa. Ule moshi wa kuni umebeba gwayakoli, kwa sababu mti ukiungua hutoa kemikali hiyohiyo.

Maswali ya senene yamenifikia kama ishirini, mengi kutoka Masaka. Nimeyaweka kando mpaka toleo la Novemba, watakapoanza kuanguka kwenye taa.